Mifupa ya Bata Mzinga wa Ami Khalfani

Jumamosi, 24 Novemba 2007. Mesquite, Texas. Huu ni mwaka wa saba tangu nitoke Muheza.

Nje kuna baridi kavu. Jua lipo, lakini halina kazi. Leo sikwenda godauni. Tangu asubuhi nilikuwa jikoni nachemsha mifupa ya bata mzinga iliyobaki kwenye sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, na sikuwa na la kushukuru hata moja.

Nilikuwa nampikia Ami Khalfani. Anaumwa, na hajaonja kitu tangu juzi. Jana jioni aliniambia, kageukia ukutani, kwamba anafikiria kuhamia Houston. Nikapika ili ale, na nikapika ili asihame. Hapa mtandaoni naandika ukweli, sina sababu ya kupamba.

Ami si ndugu yangu. Ni Mzanzibari, wa Ng'ambo, amepita miaka sitini, anaendesha teksi. Nyumba hii tunapanga wawili, chumba chake na chumba changu, jiko moja. Kila mtu huku anamwita Ami, hata Wakongo wa ghorofa ya chini ambao hawajui maana yake ni baba mdogo. Mimi ananiita Mbondei, kwa kabila langu. Sikumbuki kama amewahi kulitaja jina langu. Mimi Mkristo, yeye Mwislamu, na tangu tuanze kuishi pamoja hatujagombana juu ya sufuria. Nguruwe simleti ndani. Nyama tunanunua kwa Mwarabu. Ramadhani namwashia jiko, na Krismasi yeye ndiye anayekaanga maandazi, kwa sababu yangu anasema ukimrushia mbwa atakimbia.

Nikitoka kazini mgongo umekatika, yeye ndiye mtu wa kwanza kuniuliza umekula. Na wa mwisho. Hakuna mwingine anayeniuliza.

Sasa nieleze ya huyu ndege.

Nina kaka, Elia, mtoto wa baba mkubwa. Anaishi Mansfield, kwenye nyumba yenye vyoo vingi kuliko watu. Yeye na mkewe, shemeji Flora, wana biashara ya kulea wazee wa Kizungu, na mambo yao yamewanyookea. Elia ndiye aliyenileta nchi hii. Tangu mwaka wa kwanza ameniahidi kwamba tutafungua gereji Tanga, yeye atatuma vifaa, mimi nitarudi kusimamia. Kila mwaka ni mwakani. Na mimi kwa ajili ya hiyo gereji nimemkatia majani, nimempakia rangi nyumba, nimembebea makochi akihama, nimesafisha bwawa ambalo sijawahi kuoga ndani yake. Nimeishia darasa la saba, sina cheti cha kumwonyesha mtu. Nilicho nacho ni hiyo ahadi. Nimeishika kama mtu aliyeshika kamba bila kuuliza upande wa pili imefungwa wapi.

Wiki iliyopita shemeji alinipigia simu. Atakuwa na wageni Alhamisi, watu wakubwa, na mmoja wao ni daktari wa Mombasa na mkewe, Waislamu wanaoshika dini. Hataki bata wa dukani, wale waliogandishwa kama mawe. Anataka achinjwe vizuri.

"Shemeji, wewe si unakaa na yule mzee Mwislamu? Mwombe atuchinjie."

Nikamwomba. Ami hata hakufikiri. Alisema, "Hilo nalo la kuombwa?"

Jumatano ikawa siku yenyewe. Upepo ulibadilika ghafla kama kawaida ya huku, asubuhi unavaa fulana na mchana unatafuta koti. Tulikwenda na teksi yake hadi shamba moja nje ya Fort Worth, la mzee wa Kimeksiko anayeuza mbuzi na ndege hai kwa watu kama sisi. Bata tuliyempata alikuwa jitu. Nilipomkamata alinipiga na bawa usoni nikaona nyota. Ami akacheka mpaka akashika uzio.

"Mbondei, mshike yakhe! Unamshika kama unamposa!"

"Mshike wewe basi, Ami."

"Mie nina kisu. Mwenye kisu hashiki mbawa. Hukufundishwa kwenu?"

Akaitafuta kibla, akaipata kwa kulitazama jua na kuhesabu kwa vidole, akasema bismillahi yake, akachinja mara moja, safi, bila kurudia. Hapo utani uliisha. Akachinja kama anafanya jambo la heshima. Kisha tukasimama kwenye ule upepo tunamnyonyoa kwa maji ya moto ya pipa, maji yakipoa kabla hatujamaliza upande mmoja. Ami alikuwa na sweta tu. Nilimpa koti langu akakataa. Njiani kurudi alianza kukohoa. Usiku ule Elia akapita kumchukua bata, Ami ameshalala.

Sasa nieleze desturi yetu, maana hapa ndipo tulipokosea.

Kwetu Muheza, Mkristo akiwa na shughuli humwita jirani Mwislamu aje kuchinja, ili wageni wote wale sahani moja na asiwepo mtu wa kuuliza. Mama yangu alifanya hivyo Krismasi zote, na harusi, na msiba wa baba. Na aliyechinja haendi zake. Huyo ni mgeni wa mwanzo. Anatandikiwa, anakaa, anakula, na hakuna anayemwalika kwa mdomo, kwa sababu ukishamwita kuchinja umeshamwita kula. Kumwambia "karibu pia kwenye chakula" itakuwa kama kumtukana, kana kwamba kulikuwa na uwezekano asikaribishwe. Ami anasema Unguja nako ni hivyo hivyo.

Basi hatukuuliza. Si mimi, si yeye. Alhamisi saa saba mchana nilimkuta sebuleni amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, koti juu, kofia, na manukato yake ya udi ambayo huyatoa siku za Idi. Kikohozi bado kinamsumbua. Amejifunga shali shingoni, na mkononi ana mfuko wa halua aliyoitoa kwa Mwomani mmoja wa Irving.

"Mbondei, twende. Chakula cha watu hakisubiri."

Gari langu bovu tangu Oktoba, kwa hiyo tukaenda na teksi. Njia nzima alikuwa akinihadithia mambo ya ujana wake, na mimi nilikuwa na furaha. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Nilikuwa na furaha ya kumpeleka mtu wangu kwa watu wangu.

Shemeji Flora ndiye aliyefungua mlango. Mikono ina unga, simu imebanwa begani, nyuma yake watoto wanapiga kelele za Kiingereza. Mimi nilikuwa nimekumbatia katoni mbili za soda alizoniagiza. Akaniona mimi, akaona teksi ya njano imesimama nyuma yetu, akamwona mzee mwenye koti. Akaichukua halua mkononi mwa Ami, akasema asante, akadhani ni yangu, dereva kanibebea. Kisha akavuta noti ya dola ishirini mfukoni mwa aproni na kumkabidhi Ami.

"Asante kwa kumleta, baba. Chenji baki nayo."

Ami akaitazama ile noti. Kisha akanitazama mimi.

Hapo ndipo palikuwa na nafasi ya kusema. Si nafasi ndogo. Mtu angeweza kusema sentensi tatu na kukohoa katikati. Ningesema, shemeji, huyu ndiye aliyechinja. Ningesema, shemeji, huyu ni mgeni. Hata ningecheka tu na kusema, huyu si dereva wangu, ni Ami, mambo yangegeuka kuwa mzaha na kiti kingepatikana.

Nilitazama katoni za soda.

Ami akasema, "Ahsante, mama. Sikukuu njema." Akashuka ngazi polepole, kanzu ikipepea, akaingia garini. Na mimi nikaingia ndani.

Niliingia.

Nimejiuliza sana kwa nini. Sikuogopa shemeji. Niliogopa gereji. Niliona kwamba nikimwaibisha mke wa Elia mlangoni, mbele ya wageni wake, ile "mwakani" itakuwa haisemwi tena. Miaka saba ya kukata majani ikapita kichwani kwa mara moja, na ilikuwa mizito kuliko mzee mmoja mwenye kikohozi. Ndivyo nilivyopima. Mizani yangu ndiyo hiyo.

Elia alikuwa sebuleni na wanaume, wanatazama mpira wa kugongana vichwa. Akanipungia.

"Bwana mdogo! Umekuja na nini?"

"Nimeletwa," nikasema.

Meza kubwa ilijaa. Mimi nikawekwa meza ya watoto, karibu na mlango wa jiko, ili niwe rahisi kutumwa. Bata akaletwa juu ya sinia, kang'aa kama kiatu kipya, na watu wakampigia makofi. Nilimtambua. Nilijua hata lile jeraha la bawani, pale nilipomng'oa manyoya vibaya.

Daktari wa Mombasa alikuwa mtu mzuri, sina neno naye. Alikula, akasifu, kisha akauliza swali ambalo mtu wa kwetu lazima aulize.

"Mashallah, laini kweli. Nani kachinja?"

"Tuna mzee wetu mmoja," Elia akasema. "Wa huko kwenu pwani. Yeye ndiye mtu wetu wa kutuchinjia."

"Yuko wapi tumpe mkono?"

Elia akacheka. "Hawa wazee unawajua, daktari. Hawapendi makelele."

Nilikuwa na kipande mdomoni. Nilikitafuna, nikakimeza, nikanywa maji. Mtoto wa mwisho wa Elia aliniuliza kwa Kiingereza kama nalia. Nikamwambia ni pilipili. Chakula chenyewe hakikuwa na pilipili hata kidogo.

Jioni, baada ya kuosha masufuria, shemeji alinipa mfuko mweusi. Ndani ni gofu la bata, mbavu, uti wa mgongo, shingo, na nyama nyama zilizoganda kwenye mifupa.

"Chukua, shemeji. Sisi mifupa hatutumii. Wewe utachemsha supu."

Alinipa kwa moyo mzuri. Hilo nalo linaniuma. Hakuna mtu aliyekuwa mbaya siku ile. Elia mwenyewe alinirudisha na gari lake, tena alinisimulia njia nzima kuhusu gereji. Mwakani, alisema, Mungu akipenda.

Nilipofika, taa ya chumba cha Ami ilikuwa imezimwa. Ile noti alikuwa ameibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku ya duka la piza. Hakuiweka mfukoni na hakuitupa. Ipo pale, sura ya yule Mzungu inanitazama kila nikitaka maziwa.

Jana nilikwenda kazini alfajiri. Ni siku ambayo Wamarekani wananunua vitu kana kwamba vinakwisha duniani, na sisi godauni tunabeba mpaka vidole vinakufa ganzi. Niliporudi Ami alikuwa kitandani, homa imempanda. Nilimpa chai. Akasema ameshiba. Nikamletea mkate. Akasema ameshiba. Nikamwuliza ameshiba nini, akasema, "Nimeshiba tu, Mbondei." Ndipo aliponiambia kwamba Zuwena amempigia simu. Zuwena ni mtoto wa dada yake, anakaa Houston, ni muuguzi, ana chumba kitupu. Anamwita kila mwaka, na kila mwaka Ami alikuwa akisema Houston ina joto kama tanuri na mbu wakubwa kuliko wa Unguja. Jana hakusema habari za mbu.

Basi leo asubuhi nikautoa ule mfuko.

Nilinunua kwa Wameksiko ndizi mbichi, tangawizi, vitunguu, giligilani na ndimu. Nikavunja mifupa kwa nyuma ya kisu kikubwa. Nilipoichemsha mara ya kwanza, ikatoka harufu ya yale majani ya Kizungu wanayomshindilia bata tumboni, harufu ya kabati la nguo za zamani. Nikamwaga maji yote, nikaosha mifupa moja moja kwa maji ya uvuguvugu, nikaanza upya. Hapo nikasita. Ami akiniuliza wamempika na nini, nitamjibu nini? Achinje mwenyewe kwa mkono wake, halafu mtu akaja akammwagia mvinyo jikoni, mimi nimpe anywe akiwa mgonjwa? Kuna mambo hata kama mtu huyaamini mwenyewe, huwezi kumfanyia mwenzio.

Nikampigia shemeji simu.

"Shemeji, samahani. Yule bata ulimtia mvinyo?"

"Mvinyo? Na daktari yuko mezani? Siagi, chumvi, na majani. Kwani nini, mifupa inanuka?"

"Hapana. Kuna mtu nataka kumpa supu."

"Nani?"

"Yule uliyempa hela mlangoni."

"Yule dereva wa teksi?"

"Siyo dereva wangu, shemeji. Ni Ami Khalfani. Ndiye aliyechinja. Alikuja kula."

Nikasikia televisheni ya watoto wake, katuni zinacheka. Nilitegemea ataudhika, na nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno ya miaka saba tayari mdomoni. Lakini alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia.

"Na ile halua?"

"Yake."

"Jamani, shemeji. Si ungesema?"

Nilikaa na simu sikioni kama mtu aliyepigiwa na benki. Yale maneno ya miaka saba yote yalipotea, kwa sababu alikuwa na haki. Yeye hakumjua. Mimi nilimjua. Yeye alikosa kwa haraka na unga mikononi, mimi nilikosa nikiwa nimesimama, nina muda, naona kila kitu.

"Ungesema tu," akarudia. "Kiti kingekosekana?"

Nikamwambia sufuria inamwagika. Ilikuwa inamwagika kweli.

Nikaendelea kupika. Tangawizi nyingi, kitunguu thomu kama anavyopenda yeye, pilipili manga ya kusaga hapo hapo, bizari nyembamba kidogo. Ndizi zikaiva, mchuzi ukawa mzito, vioo vya dirisha vikatoka jasho. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi nyumba ikanuka kama nyumba. Nikakamua ndimu, nikaonja, nikaongeza chumvi, nikapakua bakuli, nikagonga mlango.

Alikuwa ameketi kitandani, shali kichwani. Akalitazama bakuli.

"Mifupa ya nani hiyo?"

"Ya ndege wako, Ami."

"Wamempika na nini?"

"Siagi, chumvi, na majani. Nimeuliza."

"Umempigia yule mama?"

"Nimempigia."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Nilidhani ataniambia niitoe. Kama angeniambia niitoe ningeitoa, na ningeelewa. Akanyoosha mikono miwili akalipokea bakuli, akasema bismillahi, ile ile ya kule shambani, akanywa funda la kwanza. Akakohoa. Akanywa la pili.

"Pilipili manga umetia ya kuulia watu."

"Si ndiyo unayopenda?"

"Ndiyo." Akanywa tena. "Ndimu haitoshi. Wabondei mna machungwa shamba zima, lakini ndimu mnaionea choyo."

Nikakimbia kuleta ndimu. Nilikimbia kweli, kwenye nyumba ambayo kutoka chumba hadi jiko ni kama kunyoosha mguu. Akamaliza bakuli, akaomba jingine, akaitafuna ile shingo mpaka mfupa ukawa mweupe. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Akavua shali. Tukaongea. Akanikumbusha nilivyopigwa bawa, tukacheka wote wawili, yeye akicheka na kukohoa. Nikasema moyoni, imepita. Supu imefanya kazi. Mtu hawezi kucheka nawe hivi na kesho akakuacha.

Halafu akafuta mdomo, akasema kwa upole kabisa:

"Ntakwenda Houston, yakhe. Jumamosi ijayo Zuwena anakuja na gari."

Nikamwuliza kama ni kwa sababu ya Alhamisi. Nilitaka aseme hapana. Aseme ni umri, ni baridi, ni macho yamechoka na barabara za usiku. Angenisaidia.

"Ni kwa Alhamisi," akasema. "Sikufichi. Yule mama hana kosa, hakunijua. Nimemsamehe pale pale mlangoni. Na weye pia nimekusamehe, leo, nilipoona unaingia na bakuli. Moyo wangu hauna kitu. Lakini nilipokuwa nateremka zile ngazi nilisema, Khalfani, umezeeka mahali ambapo hakuna mtu wa kusema huyu ni nani. Kule Houston mie mjomba wa watu. Watoto wa Zuwena hata Kiswahili hawajui, wananijibu Kiingereza, lakini mlango ukigongwa watasema ni babu yetu. Hapa nilidhani ninaye mtu wa kusema."

Akalirudisha bakuli.

"Supu nzuri," akasema. "Wallahi, nzuri."

Nimeosha vyombo. Mifupa nimeitia kwenye mfuko na kuipeleka kwenye pipa la nje, paka wa Wakongo wakanifuata mpaka pale. Mchana Elia ametuma ujumbe: shemeji yako amesikitika sana, mlete yule mzee Krismasi, tumwandalie vizuri. Nimeusoma mara mbili. Sikumjibu. Krismasi Ami hatakuwepo, na mtu hachelewi namna hiyo akawahi.

Kitu kimoja kinanishangaza. Kumsamehe kanisamehe kweli, ninamjua, si mtu wa kuweka kinyongo. Siku zote nilidhani msamaha maana yake mambo yanarudi yalivyokuwa. Kumbe mtu anaweza kukusamehe, akala chakula chako, akakisifu, na bado akafunga mizigo. Hilo sikufundishwa kanisani.

Amelala sasa. Homa imeshuka. Nasikia anakoroma upande wa pili wa ukuta, na nimegundua kwamba nimelala kwa sauti hiyo miaka yote hii. Jumamosi ijayo nitamsaidia kubeba masanduku. Hilo nalijua kufanya. Kubeba ndiyo kazi yangu.

Na baada ya hapo? Nimekaa hapa najiuliza nani huku atasema mimi ni nani, nikianguka godauni. Elia atasema ana bwana mdogo huko Mesquite, mtu wao wa majani. Gereji haipo. Naiandika hivyo ili niione kwa macho: gereji haipo, haijawahi kuwepo, na ni kwa ajili yake nilinyamaza pale mlangoni. Kama ingekuwepo, labda ningejidanganya kwamba ilistahili.

Sina cha kurudi nacho. Nyumba sijajenga, gari sina, wataniuliza mitaani miaka yote ile nilikuwa nafanya nini na nitawaambia nilikuwa nabeba. Wacheke. Mama yangu bado anaishi, na mlangoni kwake mtu akigonga na kuniulizia, atajua la kumwambia.

Mkataba wa nyumba hii unaisha mwisho wa Mei. Kodi ya chumba cha Ami nitaibeba mwenyewe mpaka hapo, simleti mtu mwingine. Yeyote wa Muheza anayesoma hapa amfikishie mama: nategemea kurudi Juni, wiki ya kwanza, na sirudi kutembea.